Manyoya ya Tomi hayanyolewi, yananyonyolewa

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nipo Arusha, Njiro. Mwajiri wangu alirudi kwao Ulaya mwaka jana akaniachia mbwa wake, foksi teria dume wa miaka minne, anaitwa Tomi. Alipokuja kwangu alikuwa na manyoya magumu kama brashi, mgongoni mweusi tii, kichwani rangi ya tangawizi. Nimempeleka mara mbili kunyolewa kwa mashine. Sasa amekuwa laini kama pamba, weusi umegeuka kijivu, na tope likimshika halitoki mpaka nimwoshe. Nilimtumia mwajiri wangu picha, akanijibu kwamba manyoya ya Tomi hayanyolewi, yanang'olewa kwa mkono. Sikumwelewa. Je, nimemharibu? Kung'oa si kumtesa? Na naweza kufanya mwenyewe nyumbani?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole kwa wasiwasi. Hujamharibu. Umemfanyia Tomi kile ambacho mbwa wengi wa aina yake wanafanyiwa hata huko Uingereza walikotoka, maana mashine ni kazi ya nusu saa na kunyonyoa ni kazi ya siku nzima. Ila mwajiri wako kasema kweli. Manyoya ya namna hii yananyonyolewa, na unaweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe hapo barazani kwako ukiwa na vidole viwili, kipande cha chaki na subira. Subira ndiyo ghali.

Mimi niliposikia habari hii mara ya kwanza nilicheka. Nilikuwa kijana nimetoka Tanga, nimepata kibarua kwenye mabanda ya mbwa kaskazini mwa Uingereza, nikaambiwa kaa hapa, mnyonyoe huyu. Kwetu anayenyonyolewa ni kuku, tena akishachinjwa. Nilipopiga simu nyumbani kueleza kazi niliyopata, shangazi yangu akauliza kama huyo mbwa naye huchovywa kwanza kwenye maji ya moto.

Tuanze na hilo la maumivu, kwa sababu najua mkono wako hautanyooka mpaka ulielewe.

Tomi amevaa nguo mbili. Ya juu ni ngumu, imejikunja kidogo, ukiipapasa unadhani umeshika makumbi ya nazi. Ya chini, iliyolalia ngozi, ni fupi na laini kama sufi ya kwenye mto. Ya juu inazuia mvua na miiba, ya chini inatunza joto. Waingereza waliwafuga mbwa hawa wamfuate mbweha mpaka ndani ya shimo lake, humo kwenye udongo na mizizi na vichaka vya miiba, na mbwa aliyevaa pamba asingetoka salama. Udongo unakauka juu ya manyoya haya magumu kama waya kisha unapukutika wenyewe. Ndiyo sababu unaona tofauti sasa: tope halijabadilika, nguo ndiyo iliyobadilika.

Unyoya wa ile nguo ya juu haukui bila kikomo kama nywele zetu. Unakua hadi urefu wake, unakomaa, unakufa. Lakini haudondoki ovyo kama wa mbwa wetu wa kawaida. Unabaki umening'inia kwenye kitundu chake, umekufa lakini haujaondoka, unasubiri kichaka kiuvute. Siku hizi mbwa analala kwenye kochi, kichaka hakipo. Mkono wako unachukua kazi ya kichaka.

Umewahi kupukuchua mahindi, nina hakika. Hindi lililokauka vizuri ukilisukuma kwa dole gumba punje zinamwagika zenyewe. Hindi bichi utavunja kucha, na punje itatoka imepasuka huku inatoa maziwa. Unyoya ni hivyo hivyo. Ulioiva unatoka ukiuvuta kidogo tu, na mbwa wala hageuki. Nina mbwa wanaosinzia mezani nikiwanyonyoa. Ambao haujaiva unamuuma, naye atakwambia. Kwa hiyo anayeuliza kama kunyonyoa kunauma ni kama anayeuliza kama kuvuna kunaharibu mmea. Inategemea umekwenda shambani mwezi gani.

Kuna sehemu ambazo zinauma hata manyoya yakiwa yameiva: koo, tumbo, mapaja kwa ndani, sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja. Huko hatunyonyoi. Huko unatumia mkasi, au hiyo hiyo mashine uliyoizoea, taratibu.

Sasa kwa nini mashine ilimbadilisha. Unyoya wa waya si sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sehemu ya juu ndiyo nene, ngumu na yenye rangi iliyokolea. Kadiri unavyokaribia ngozi unakuwa mwembamba na rangi imefifia. Mashine inachukua ile sehemu nzuri inaitupa sakafuni, inakuachia shina. Tena lile shina limekufa, limekaa kwenye kitundu kama kisiki shambani, na unyoya mpya unachelewa kuja. Na ile sufi ya chini, ambayo mashine imeikata lakini haijaipunguza, inapanda juu na kujaza nafasi. Unyoe mara mbili, mara tatu, mwishowe unabaki na sufi na visiki. Ndiyo pamba unayoiona.

Habari njema ni kwamba ugumu haujatoka kwenye damu yake. Mwaka 2009 watafiti nchini Marekani walionesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa inatokana na jeni tatu tu, na inayoleta waya inaitwa RSPO2. Jeni hiyo hiyo ndiyo inayoleta ndevu na nyusi, ndiyo maana hutamwona mbwa mwenye manyoya ya waya akakosa sharubu za kizee. Tomi bado ana ndevu? Basi mzizi bado unajua kazi yake. Kinachotakiwa ni kuondoa visiki ili chipukizi litoke tangu chini.

Niseme na hili, nisije nikaonekana nauza ndoto: kama Tomi amehasiwa, manyoya yake yanaweza yasirudi kuwa magumu kama ya zamani. Mbwa waliohasiwa huwa na sufi nyingi zaidi na waya laini kidogo. Yatarudi rangi, yatarudi ukavu, lakini ule ugumu wa brashi huenda ukapungua. Si kosa lako wala la mashine.

Usianze wiki hii. Angalia kwanza urefu. Manyoya ya mgongoni yakifika kama upana wa vidole vyako vitatu, yaani sentimita tano hivi, ndipo yanakaribia kuiva, na kutoka kwenye mashine mpaka hapo hupita miezi mitatu au minne. Dalili nyingine ni kwamba yanaanza kugawanyika yenyewe kwenye uti wa mgongo kama njia ya kichwani, yanasimama ovyo, na mbwa anaonekana mchafu hata akiwa safi. Halafu fanya jaribio: shika manyoya matano au sita kati ya mabega, kwenye ncha, vuta kuelekea mkiani. Yakija bila Tomi kushtuka, shamba limeiva. Yakikataa, mwache, jaribu tena wiki ijayo.

Wakati unasubiri, punguza sufi kila wiki. Kifaa kizuri kuliko vyote nilivyonunua kwa bei mbaya ni blade ya msumeno wa kukatia chuma. Nunua moja kwa fundi au duka la vifaa vya ujenzi, ivunje kipande cha urefu wa kiganja, zungushia mkanda wa umeme upande mmoja pawe mpini. Ilaze karibu bapa juu ya mgongo, ivute kuelekea manyoya yanakoelekea, bila kukandamiza. Utaona sufi ya kijivu inakusanyika kwenye meno. Ngozi ikianza kuwa nyekundu umezidisha.

Na hesabu majira. Arusha si Tanga. Juni na Julai mnavaa masweta. Mbwa aliyetoka kunyonyolewa amebaki na fulana ya ndani peke yake. Kama manyoya yataiva katikati ya baridi, vuta subira mpaka Agosti iishe, au mnyonyoe nusu tu na umlaze ndani.

Vifaa vingine ni vichache. Meza imara yenye kimo cha kiuno chako, juu yake mkeka wa mpira au gunia ili asiteleze. Mbwa anayeteleza anaogopa, na anayeogopa hatulii. Kitana cha chuma chenye meno mapana. Mkasi wenye ncha butu. Chaki ya kuandikia ubaoni, uisage iwe unga, ukipaka kwenye manyoya vidole havitelezi. Watu wengine watakwambia utumie jivu la mkaa. Usitumie, likipata unyevu linachoma ngozi. Glavu za mpira za kuoshea vyombo, kata kidole gumba na cha shahada uvae hivyo viwili tu. Na lile jiwe jepesi lenye vitundu la kusugulia visigino: ukilishika pamoja na dole gumba badala ya kidole cha shahada linakamata manyoya vizuri ajabu, hasa mafupi ya shingoni.

Kuna visu maalumu vya kunyonyolea, vyenye meno madogo, na utaviona vikiuzwa mitandaoni. Kwa anayeanza sivipendi, na nitakueleza kwa nini. Mwezi wangu wa pili kule Uingereza nilipewa kisu kipya, nikampata mbwa mpole, nikafanya kazi haraka haraka huku nikijisifu. Sikujua kwamba kisu kipya kina makali, na kwamba nilikuwa nakizungusha kifundo cha mkono kila nikivuta. Nilikuwa nakata, sinyonyoi. Mbwa alishuka mezani kama shamba la mahindi lililopitiwa na ngedere. Mama aliyekuwa akinifundisha hakunigombeza. Alikichukua kile kisu, akakisugua kwenye ngazi ya saruji mpaka kikawa butu kama kijiko, akanirudishia. Kisha akanionesha kilichobaki sakafuni: ncha tupu, hakuna hata unyoya mmoja wenye mzizi. Ukinunua kisu, kifanyie hivyo hivyo. Kazi yake ni kushika, kama meno ya mzee anayemung'unya, si kukata.

Usimwogeshe siku chache kabla ya kazi. Manyoya yaliyooshwa yanateleza. Mbwa mchafu kidogo ndiye mbwa mzuri wa kunyonyoa.

Siku ikifika, mpeleke matembezi marefu kwanza apunguze nguvu. Teria ambaye hajatembea ni kama mtoto aliyenyimwa kucheza. Mpandishe mezani, mchane mwili mzima kwa kitana, paka chaki kidogo mgongoni. Anza nyuma ya mabega. Mkono wa kushoto uvute ngozi kuelekea kichwani ili iwe imekaza. Hili wengi hulisahau, na ngozi ikilegea inafuata unyoya, ndipo mbwa anapoumia. Mkono wa kulia ushike manyoya machache kwa ncha, kumi si mengi, ishirini ni mengi. Vuta moja kwa moja, kuelekea yanakolalia, kwa mkono mzima kutoka begani. Kifundo cha mkono kisipinde. Usivute kwenda juu, wala kinyume.

Vuta fupi, haraka, bila hasira. Baada ya dakika tano utapata mdundo wake, kama wa kuchambua mchele. Angalia unachokishika: unyoya uliotoka salama una ncha nyembamba upande wa chini, mkavu, hauna damu wala kijiuvimbe cheupe chenye unyevu. Ukiona unyevu huo, hapo pabichi, hamia mahali pengine.

Tokea mabegani, nenda mgongoni hadi chini ya mkia, kisha shuka ubavuni upande mmoja, kisha wa pili. Nusu saa inatosha kwa siku ya kwanza. Akichoka, mpe kipande cha nyama mwache aende, kesho ipo. Ila usiiache kazi ya mwili mzima ivuke wiki moja, maana manyoya mapya yataota kwa zamu na utapata mbwa mwenye ngazi. Shingo na mabega fuata siku ya tatu au nne. Kichwa, yaani bapa la juu, mashavu na masikio kwa nje, uache mwisho. Manyoya ya huko ni mafupi na yanarudi haraka. Wanaowapeleka mbwa kwenye maonesho hucheza na tofauti hiyo: mwili hunyonyolewa miezi miwili, mitatu kabla, kichwa wiki chache tu kabla, ili vyote vifike urefu wake siku moja. Ni kazi ya wenye wazimu mzuri. Foksi teria wa manyoya ya waya aitwaye King alishinda maonesho ya Westminster kule New York mwaka 2019, na aina yake imeshinda huko mara nyingi kuliko aina nyingine yoyote. Wewe hutafuti kombe, unatafuta tope lipukutike.

Tundu la sikio ukiliona safi, usiliguse. Siku hizi madaktari wengi hawashauri kung'oa manyoya ya ndani bila sababu.

Miguu na ndevu hatunyonyoi zikabaki tupu. Manyoya ya miguuni yanatakiwa yasimame kama nguzo. Unayachana kwenda juu, unatoa kwa vidole yale marefu yaliyojitokeza, basi. Ndevu vivyo hivyo, na nyusi zichongwe ziwe ndefu kwa mbele, fupi kwenye kona ya nje ya jicho. Ukikata nyusi zote atakuwa na uso wa mshangao mpaka Krismasi. Ndevu zina tatizo jingine ambalo hukuniuliza lakini najua unalo: zinanuka. Kama anakula ugali wa dagaa, mchuzi unabaki ndevuni unachacha. Mfute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kila akimaliza kula, umkaushe, na mara moja kwa wiki zioshe ndevu na miguu peke yake. Wakati wa masika hiyo ndiyo itakuwa kazi yako kubwa, mwili utajisafisha wenyewe.

Kati ya vidole vya miguu punguza manyoya kwa mkasi, sawasawa na nyayo. Kishona nguo na mbigili vikinasa humo vinachimba ngozi, na nimeona mbwa akichechemea wiki nzima kwa ajili ya mbegu moja.

Ukimaliza mwili utamwangalia Tomi na utajuta. Atakuwa mwembamba, wa kijivu na waridi, anafanana na kuku wa kienyeji aliyelowa. Ni kawaida. Pangusa ngozi kwa kitambaa chenye maji baridi, umwache. Usimpake mafuta ya nazi. Najua utatamani, lakini yanaziba vitundu na kuvuta vumbi. Mwogeshe baada ya siku nne, tano, kwa sabuni ya mbwa isiyo kali. Sabuni ya mche ni ya nguo, inakausha ngozi mpaka anajikuna. Na zile dawa za kulainisha nywele za saluni, zikae mbali naye maisha yake yote. Umehangaika kuupata ugumu, usiulainishe tena.

Wiki mbili za mwanzo asikae kwenye jua la mchana. Sehemu zake nyeupe zina ngozi ya waridi na jua la kwenu, juu kule, linaunguza kama la kwetu pwani hata kama upepo ni baridi. Matembezi asubuhi na jioni.

Halafu kupe. Hapa ndipo kunyonyoa kunapomshinda mashine kwa mbali, maana vidole vyako vinapita kila sentimita ya ngozi. Utakuta waliojificha nyuma ya masikio, kwapani, kati ya vidole. Watoe kwa kibano, ukishika karibu kabisa na ngozi. Kupe wa mbwa wa huku wanaambukiza magonjwa ya damu yanayoua, kwa hiyo dawa ya kupe ni lazima, lakini usiipake kwenye ngozi iliyotoka kunyonyolewa. Vitundu viko wazi. Mpe dawa wiki moja kabla, au subiri mpaka ngozi itulie, na muulize daktari wa mifugo ipi inafaa. Nasisitiza daktari kwa sababu najua watu wanaochota dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukadiria kwa kifuniko. Kipimo cha ng'ombe si kipimo cha mbwa wa kilo nane.

Ngozi ikitoka vipele vyenye usaha baada ya siku mbili tatu, au kama tangu mwanzo ina wekundu, magamba, sehemu zilizotoka upara au harufu, acha kunyonyoa umpeleke kwa daktari. Manyoya yasipoota kabisa baada ya miezi mitatu, hilo nalo ni la daktari. Mara nyingine homoni ndizo zenye shida. Na atakapokuwa mzee wa miaka kumi na mbili, magoti yanatetemeka, hawezi kusimama mezani, mrudishe kwenye mashine bila kuona haya. Mimi nilimnyoa wangu mwenyewe kwa mashine mwaka wake wa mwisho, na alikufa laini kama pamba, na nilimpenda vilevile.

Wiki ya tatu au ya nne utaona ncha nyeusi zinachomoza kwenye ile sufi, kama ndevu za kijana. Wiki ya nane hadi ya kumi atakuwa amevaa koti jipya la kubana. Usitarajie makubwa kwenye koti hili la kwanza, kwa kuwa si visiki vyote vilitoka. La pili, miezi minne baadaye, litakuwa na weusi zaidi. La tatu ndilo utakaloligusa ukakumbuka siku alipoletwa kwako. Kwa hiyo hesabu mwaka mmoja hivi.

Baada ya koti la pili, nakushauri uache kumnyonyoa mwili mzima kwa mpigo. Kuna njia ninayoipenda zaidi, inafaa watu wavivu na mbwa wenye papara. Kila Jumamosi, dakika kumi na tano, unapita mgongoni na ubavuni ukitoa yale marefu tu, yaliyojitokeza juu ya wenzake. Kwa kuwa kila wiki unavuna machache, mengine yanachipua, mengine yanakua, mengine yanaiva, na Tomi hatakuwa uchi tena. Koti linabaki na urefu ule ule mwaka mzima, na hutaogopa baridi ya Julai. Mimi nikifanya hivi huwa nasikiliza taarifa ya habari redioni; ikiisha, na mbwa ameisha.

Jambo moja la kando, kwa kuwa unaishi Arusha. Mfalme Edward VII wa Uingereza alikuwa na mbwa wa aina ya Tomi, jina lake Caesar. Mfalme alipofariki mwaka 1910, kwenye maandamano ya mazishi Caesar alitembezwa nyuma ya farasi wa marehemu, mbele ya wafalme tisa waliokuja kuzika. Mmoja wao alikuwa Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akitawala hapo ulipo, na askari wake walikuwa ndani ya lile boma lenu la mjini. Kwa hiyo mtawala wa Arusha alipita nyuma ya foksi teria. Msimulie Tomi siku akikataa kupanda mezani.

Ukimaliza mara ya kwanza, piga picha mbili, moja siku hiyo hiyo na nyingine baada ya wiki kumi. Mwajiri wako mtumie ya pili.